Namna ya Kuchunguza Kifo cha Kukosa Hewa: Mwongozo kwa Daktari na Mpelelezi wa Kanda ya Kati

Daktari anayeitwa mochwari ya hospitali ya wilaya, iwe Kongwa, Manyoni au Kondoa, kuchunguza mwili wa mtu anayesemekana amekufa kwa kukosa hewa, huanza kazi akiwa na upungufu ambao mwenzake anayechunguza kifo cha risasi hana. Risasi huacha tundu, na tundu lina njia inayoweza kufuatwa hadi mwisho. Kukosa hewa hakuna alama yake peke yake. Ni jina la jumla la njia nyingi zinazoishia mahali pamoja, yaani seli za mwili kukosa oksijeni: hewa ya mahali inaweza kuwa mbovu, mdomo na pua vinaweza kuzibwa, tonge linaweza kukwama kooni, shingo inaweza kubanwa, kifua kinaweza kulemewa na mzigo kisipanuke, au damu yenyewe inaweza kuzuiwa na sumu isibebe oksijeni ingawa mapafu yanavuta hewa kama kawaida.

Kwa muda mrefu madaktari waliamini kwamba zipo dalili za uhakika. Mfaransa Auguste Ambroise Tardieu, katika karne ya 19, alieleza vidoa vidogo vya damu juu ya utando wa mapafu, na hadi leo vidoa hivyo huitwa kwa jina lake. Baadaye orodha ikaongezwa: uso kuvimba na kujaa damu, midomo na kucha kuwa na rangi ya samawati, mapafu kuvimba maji, damu kubaki nyepesi bila kuganda. Kila dalili kati ya hizi inaweza kuonekana kwa mtu aliyekufa kwa ugonjwa wa moyo, kifafa au malaria kali, na kila moja inaweza kukosekana kwa mtu ambaye kila shahidi alimwona akikosa pumzi. Kwa hiyo zinafaa kumwambia daktari atazame kwa makini zaidi, lakini hazifai kuandikwa kuwa sababu ya kifo. Uamuzi hutokana na vitu vitatu vinavyosomwa pamoja: mazingira ya tukio, mwili, na maabara. Na katika vifo vya aina hii, mara nyingi mazingira ndiyo yanayobeba uzito mkubwa kuliko kisu cha daktari.

Mahali pa tukio

Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, ndiyo msingi wa uchunguzi wa vifo vya ghafla, vya ukatili au visivyojulikana sababu, na polisi ndio wanaoleta maombi ya uchunguzi kwa daktari. Daktari asiridhike na maombi yenye mstari mmoja usemao marehemu amekutwa amekufa. Inapowezekana aende mwenyewe eneo la tukio kabla mwili haujaondolewa. Isipowezekana, ampigie mpelelezi simu na amwombe picha za chumba kizima kabla ya picha za mwili, kwa sababu wapiga picha wengi huelekeza kamera usoni mwa marehemu na kusahau dirisha.

Yapo mambo ambayo lazima yaandikwe siku hiyo hiyo, maana kesho yake hayatakuwapo: mwili ulilalaje, uso ulielekea wapi, mlango na madirisha yalifungwa au yalizibwa kwa matambara, kulikuwa na jiko, jenereta au taa ya mafuta, na nani aliingia kwanza na akagusa nini. Katika nyumba ya tembe, yenye paa la udongo na madirisha madogo ambayo wakati wa baridi huzibwa kabisa, ukubwa wa chumba na idadi ya watu waliolala humo ni vipimo vinavyostahili kuandikwa kwa mita na kwa tarakimu. Waulizwe pia walionusurika. Watu wawili waliolala chumba kimoja na marehemu wakaamka na kichwa kinachouma, kichefuchefu na miguu kukosa nguvu wamekwisha kutoa nusu ya ushahidi.

Mahojiano na ndugu yanahitaji adabu yake. Anayezungumza na baba au mjomba wa marehemu aanze kwa shikamoo na pole ya msiba, akae chini naye, aeleze kwa nini mwili unachunguzwa na utarudi lini. Huko Kondoa, ambako familia nyingi ni za Kiislamu na maziko huharakishwa, maelezo hayo yakitolewa mapema huzuia ugomvi mlangoni mwa mochwari. Mzee aliyeheshimiwa hukumbuka mengi kuliko mzee aliyeamriwa: kwamba marehemu alikuwa na kifafa, kwamba alikunywa pombe jioni ile, kwamba kulikuwa na ugomvi wa shamba.

Jiko la mkaa na hewa isiyoonekana

Miezi ya Juni na Julai usiku wa Dodoma una baridi ya kutosha kumfanya mtu aingize jiko la mkaa chumbani. Mkaa uliokolea hautoi moshi wala harufu, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa kaboni monoksidi haina rangi, haina ladha na haina harufu. Hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, huishika gesi hiyo kwa nguvu inayokaribia mara 200 hadi 250 ya ile inayoishikia oksijeni, kwa hiyo kiasi kidogo tu hewani hujilimbikiza mwilini saa baada ya saa wakati mtu amelala.

Kinachotafutwa kwanza ni rangi. Damu yenye kaboni monoksidi nyingi hubaki nyekundu ang'avu, na madoa ya damu iliyotuama upande wa chini wa mwili huonekana mekundu badala ya ya zambarau. Vitabu vingi viliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe; kwa wagonjwa wetu daktari atazame upande wa ndani wa kope, fizi, upande wa ndani wa midomo, vitanga vya mikono, nyayo na chini ya kucha, kisha misuli na viungo vya ndani mwili ukifunguliwa. Atazame kabla mwili haujawekwa kwenye friji, kwa sababu baridi nayo huyageuza madoa ya damu kuwa mekundu, na mwili uliolala usiku kucha kwenye jokofu unaweza kumdanganya hata mtu mzoefu. Sumu ya sayanidi pia huweza kuleta rangi inayofanana na hiyo. Upande wa pili, mtu mwenye upungufu mkubwa wa damu anaweza kufa kwa gesi hii bila wekundu wowote unaoonekana.

Rangi ni fununu. Kipimo ndicho jibu. Damu ichukuliwe kwenye vena ya paja, si kwa kuchota iliyomwagika kifuani, iwekwe kwenye chupa yenye floraidi ya sodiamu, ijazwe hadi karibu na kifuniko ili hewa isibaki juu yake, ifungwe kwa lakiri na ihifadhiwe kwenye baridi. Sampuli hupelekwa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo ina ofisi ya kanda Dodoma, na kila mkono unaoipokea huandika jina, tarehe na saa. Hospitali isiyo na mashine inaweza kufanya jaribio la awali: matone machache ya damu huchanganywa na maji mengi kwenye tyubu, kisha huongezwa hidroksidi ya sodiamu ya asilimia 10. Damu ya kawaida hugeuka kahawia yenye ukijani mara moja, na damu yenye kaboni monoksidi nyingi hukaa na wekundu wake kwa muda. Jaribio hili halifai kwa kichanga, kwa kuwa hemoglobini aliyozaliwa nayo huistahimili dawa hiyo, na kwa mtu mzima pia halichukui nafasi ya kipimo cha maabara.

Majibu, ambayo ni asilimia ya hemoglobini iliyoshikwa na gesi hiyo, yakirudi yanahitaji kusomwa pamoja na historia. Mvutaji wa sigara anaweza kuwa na hadi asilimia 10 hivi bila tatizo. Asilimia 50 au zaidi kwa kawaida inatosha kueleza kifo, lakini mzee mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kufa akiwa na 30 au pungufu. Aliyetolewa chumbani akiwa hai akafia wodini ni suala jingine kabisa: kwa hewa ya kawaida nusu ya gesi hutoka damuni kwa muda wa saa 4 hadi 6, na kwa oksijeni safi kwa saa moja na nusu hivi au chini ya hapo. Kwa hiyo majibu ya chini baada ya saa nyingi za matibabu hayamaanishi kwamba jiko halikuhusika. Damu iliyotolewa alipopokelewa, kama bado iko maabara ya hospitali, ina thamani kuliko yoyote itakayochukuliwa mochwari.

Zaidi ya hayo, jiko lililokutwa chumbani lisimfumbe mtu macho. Kanda hii ni ya wakulima wa mahindi, mtama na uwele, na magunia mengi hulala chumba kimoja na wenyewe. Vidonge vya kuhifadhia nafaka vyenye fosfaidi ya alumini hutoa gesi ya fosfini, ambayo huua familia nzima na kuacha picha inayofanana na ya jiko kwa asiyeuliza. Mpelelezi aulize kuhusu dawa za nafaka kila mara, na makopo au vifuko vilivyokutwa vifungwe na kupelekwa maabara. Anayefungua mwili unaoshukiwa kuwa na sumu hiyo afanye kazi kwenye chumba kinachopitisha hewa vizuri.

Kisima, shimo la choo na duara la mgodi

Maeneo makavu ya Bahi na Chamwino yana visima vya kuchimbwa kwa mkono, na maeneo ya wachimbaji wadogo ya Iramba na Ikungi, mkoani Singida, yana maduara, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu. Mtu akishuka akaanguka ghafla, wa pili akamfuata kumwokoa naye akaanguka, tayari hewa ya humo inashukiwa. Mwili katika hali hii unaweza usionyeshe chochote. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21. Ikishuka chini ya 10 mtu hupoteza fahamu, na ikishuka zaidi hufa kwa muda mfupi, bila alama ya mapambano. Kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini.

Ushahidi basi umo ndani ya shimo, na haumngoji daktari. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji liombwe kupima hewa kwa kifaa, kwenye kina kile kile mwili ulipolala, kabla shimo halijapepewa. Kushusha mshumaa au taa ya moto ni desturi ya zamani isiyofaa: mwali unaweza kuendelea kuwaka kwenye hewa yenye sumu, na mahali penye gesi inayowaka unaweza kulipua. Kuna swali ambalo husahaulika mara nyingi, nalo ni kama pampu ya petroli ilishushwa kisimani au kwenye duara kunyonya maji, au kama baruti ilipigwa muda mfupi kabla. Jibu likiwa ndiyo, kaboni monoksidi inarudi kwenye orodha na damu lazima ipimwe. Katika shimo la choo mshukiwa mkuu ni hidrojeni salfaidi. Sarafu zilizomo mfukoni mwa marehemu zinaweza kuwa zimesawijika, na ni vyema zikatazamwa na kupigwa picha kabla nguo hazijafuliwa na ndugu.

Duara likiporomoka, au paa la tembe lililoshiba maji ya masika likishuka juu ya waliolala, picha hubadilika. Kifua kinapolemewa hakiwezi kupanuka, na damu ya vena hurudishwa juu kwa nguvu. Uso na shingo huwa vya zambarau iliyokolea, macho hujaa damu, na vidoa huenea hadi kwenye mabega, huku sehemu ya chini ya mstari wa mzigo ikibaki na rangi yake. Hapa alama ni nyingi kuliko katika aina nyingine yoyote. Swali linalofuata ni kama mtu alifukiwa akiwa hai. Udongo uliojaa mdomoni hauthibitishi kitu, maana kifusi huingia chenyewe. Udongo uliovutwa hadi kwenye matawi madogo ya mapafu, au uliomezwa hadi tumboni, unaonyesha kwamba alikuwa akipumua na kumeza. Kwa sababu hiyo njia ya hewa ifunguliwe kwa urefu wake wote, na kilichokutwa kila sehemu kiandikwe.

Shingo hufunguliwa mwisho

Ikiwa kuna shaka yoyote kwamba shingo ilibanwa, mpangilio wa kazi ndio unaoamua kama matokeo yatasimama mahakamani. Picha ya eksirei ya shingo, kama mashine ipo, hupigwa kwanza. Kisha nje: michubuko, alama za kucha, na mstari wa kamba. Kamba iliyobaki shingoni hukatwa mbali na fundo, ncha zake zikafungwa kwa uzi na kuwekewa alama, kwa kuwa fundo ni kielelezo. Kwa kawaida mstari wa mtu aliyening'inia hupanda kuelekea kwenye fundo na hukatika hapo, na ule wa aliyekabwa kwa kamba huzunguka kwa usawa. Lakini ipo mifano ya kutosha inayokwenda kinyume, hivyo mstari peke yake usitumike kumtia mtu hatiani. Tahadhari nyingine ni ya hapa kwetu: sisimizi na siafu hula ngozi ya maiti iliyolala chini, hasa shingoni na kwenye mikunjo, na jeraha lao likikauka hufanana na mchubuko wa kamba au wa vidole. Tofauti ni kwamba halina damu iliyovilia chini yake.

Ndani, daktari hutoa kwanza ubongo na viungo vya kifua ili damu ya shingo ichuruzike na kuisha. Akianza na shingo wakati vena bado zimejaa, damu itamwagika ndani ya tishu na kutengeneza vilio la damu la bandia mbele ya uti wa shingo, jambo ambalo Prinsloo na Gordon walilieleza mwaka 1951 na ambalo bado linawasumbua wasio na subira. Shingo ikishakauka, misuli hufunuliwa tabaka baada ya tabaka, kila moja ikipigwa picha, hadi kwenye mfupa wa hayoidi, ulio chini ya ulimi, na gegedu la zoloto, yaani la kisanduku cha sauti. Kuvunjika kwa pembe za gegedu au za hayoidi kukiwa na damu iliyovilia pembeni ni jambo zito. Kutokuvunjika hakumaanishi kwamba shingo haikuguswa, kwa sababu kwa vijana sehemu hizo bado ni laini na hupinda bila kuvunjika. Ipo pia gegedu ndogo kama punje karibu na pembe ya zoloto, ya maumbile, ambayo asiyeifahamu huiandika kuwa kipande kilichovunjika.

Vidoa vya damu ndani ya kope na usoni hutokea pale vena zinapozibwa huku ateri zikiendelea kupeleka damu juu. Kabla ya kuviandika, daktari aangalie mwili ulilalaje: mtu aliyekufa akiwa amelala kifudifudi anaweza kuwa navyo kwa uzito wa damu iliyotuama, bila mkono wa mtu yeyote. Joto la Oktoba na Novemba likikaa na mwili siku mbili, vidoa hupotea kabisa na majimaji mekundu hutoka puani, na wananchi huyachukua kuwa dalili ya kipigo.

Tonge, watoto na maji

Dodoma ni mkoa wa zabibu na karanga, na vyote viwili vina umbo na ukubwa unaoziba koo la mtoto mdogo. Kwa mtu mzima huwa ni kipande cha nyama, mara nyingi kwa aliyelewa au asiye na meno. Lililo muhimu ni kutofautisha kitu kilichoziba njia ya hewa kwa uthabiti na chakula kilichopanda kutoka tumboni wakati wa kufa au wakati wa kukandwa kifua. Hiki cha pili ni cha kawaida mno, na kuandika kwamba mtu alipaliwa kwa sababu tu chakula kimekutwa kooni ni uzembe. Aliyejaribu kumwokoa mtoto aulizwe kama alitoa kitu kwa kidole.

Kichanga aliyekutwa amekufa kitandani ni fumbo ambalo mwili peke yake hauwezi kulifumbua. Inafaa mama, kwa upole na akiwa na mtu wake wa karibu, aombwe kuonyesha kwa mwanasesere namna mtoto alivyolazwa na alivyokutwa. Mtu aliyeopolewa bwawa la Hombolo au Mtera naye hahesabiwi kuwa amezama kwa kuwa tu alikutwa majini. Povu jeupe kwenye njia ya hewa na mapafu yaliyovimba husaidia, lakini uamuzi hufikiwa baada ya kuondoa sababu nyingine.

Kuandika taarifa

Neno asfiksia, yaani kukosa hewa, likiachwa peke yake kwenye taarifa halimsaidii hakimu wala familia. Iandikwe njia kamili, kwa mfano: sumu ya kaboni monoksidi kutokana na jiko la mkaa katika chumba kisichopitisha hewa, au kulemewa kifua kwa kifusi cha mgodi. Namna ya kifo, yaani ajali, kuuawa, kujiua au ya asili, hutegemea zaidi mazingira, na daktari aeleze ametumia taarifa ya nani kuifikia. Majibu ya Mkemia yakiwa bado, aandike kwamba sababu inasubiri vipimo. Yakirudi bila jibu na mwili ukiwa kimya, haikubainika ni jibu halali, nami naliheshimu kuliko la kubahatisha. Sampuli za akiba zitunzwe hadi shauri liishe. Na kama chanzo ni jiko, kisima au duara, bwana afya na ofisa mtendaji wa kijiji wajulishwe siku ile ile bila kungoja taarifa ya mwisho, kwa kuwa chumba bado kina wenyewe na shimo bado liko wazi.